Nukta za Maalim na Sauti ya Mzee Tahir

Mkiona alama ya kuuliza katikati ya jina la faili, ondoeni mikono kwenye kibodi. Msifute, msibadilishe jina, msinakili. Kaeni kama mko msibani, kwa sababu huenda mko msibani kweli ila bado hamjaambiwa aliyekufa ni nani.

Nimefanya kazi na kompyuta Mji Mkongwe tangu zama hizo zikifunikwa kitambaa cha kudarizi zisiingie vumbi, mpaka macho yangu yaliponikatalia. Siku hizi nipo Mbweni, napanda mchicha na kugombana na kunguru. Vijana mnanijia na kompyuta zenu za mapajani: "Shikamoo Bi Rukia, hebu tutazamie hili faili, jina lake limeingiwa na wazimu." Mnacheka. Mimi nawapa chai na nawatazamia, lakini sicheki, na mmoja wenu juzi aliniuliza kwa nini kitu kidogo kama hicho kinanibadilisha uso. Nimeona niandike mara moja, nisiulizwe tena.

Kazi kwanza. Herufi zenye nukta, vikofia na mikia huharibika kwa namna zake, na kila namna ina dawa yake. Ukiona visanduku vitupu, usihangaike: herufi ipo nzima, ila mashine haina umbo la kuichora. Tafuta fonti. Ukiona vidude viwili vya ajabu mahali pa herufi moja, kama ile Ã inayopenda kutembea na mwenzake, herufi nayo ni nzima, ila imesomwa kwa kanuni isiyokuwa yake. Usiliandike jina upya; badilisha kanuni ya kusomea, litarudi lenyewe. Lakini ukiona alama ya kuuliza, au kistari cha chini kimekaa pahala pa herufi, hapo pana hatari. Kama una bahati, kilichoshindwa ni kioo tu, na diskini herufi bado ipo. Kama huna, mashine ilishindwa kuiandika ile herufi, ikaitupa, ikaweka jiwe la kaburi. Kisanduku ni mgonjwa, alama ya kuuliza ni maiti mpaka ihakikishwe vyenginevyo.

Aliyenifundisha haya ni Othman, fundi wetu, mtu wa Bububu, aliyeanza na redio za betri kabla ya kuingia kompyuta. Alikuwa mrefu, mpole, na hakuwahi kufungua mashine bila ya kupiga bismillahi. Akinambia, "Rukia, faili ni mtu, jina ni kanzu yake tu. Kanzu ikichanika usimzike mtu." Mashine zetu za mwanzo zikigoma kufungua faili lenye herufi zisizozijua, unaliona pale, unaligonga, mashine inakwambia halipo. Othman akaingia kwenye kile kioo cheusi cha kuandikia amri, akalitafuta kwa jina lake la pili, lile fupi ambalo mashine hulipa kila faili kimya kimya, akalibadilisha, likafunguka. Mara ya kwanza kuliona hilo nilidhani ni uganga.

Tukiitwa mpaka mahoteli ya Kendwa. Kulikuwa na hoteli ikiweka faili moja kwa kila mgeni, jina la faili ni jina la mgeni. Ofisi yao ya mjini ilikuwa na mashine mpya, mapokezi kule pwani walikuwa na ya zamani, na hizi mbili zilikuwa hazisomi kanuni moja. Akaja Mjerumani, bwana Müller. Kwenye mashine ya mapokezi jina likatokea M³ller, na ile tatu ndogo imekaa juu kama inzi. Kijana wa mapokezi akafahamu kwamba wanakuja Miller watatu. Wakatandika vitanda vitatu, wakapika samaki wa watu watatu, na mzee wa watu akateremka garini peke yake na mkoba. Othman alicheka njia nzima kurudi mjini. Nataka mjue kwamba alikuwa mtu wa kucheka.

Sasa Maalim Muhsin. Huyu ndiye aliyekuwa mkubwa wetu pale ofisini Mkunazini, ghorofa ya juu ya nyumba kuukuu yenye ngazi za kuvunja magoti. Kazi ya ofisi ilikuwa kukusanya sauti: tukizunguka Unguja na redio ya kanda, tukiwarekodi wazee wakieleza kazi zao kabla hawajaondoka nazo. Maalim alitoka katika nyumba moja ya Kiarabu ya mjini iliyokuwa na mashamba zamani na ikabakiwa na vitabu. Hakuwa na maringo. Akila nasi chini kwenye mkeka, akiniletea vileja kutoka kwa dada yake. Ila alikuwa na jambo moja ambalo hakulegeza: jina la mtu.

Nilipoanza kazi, katikati ya miaka ya themanini, tulikuwa na mashine ya taipu tu. Nikishapiga majina ya waliorekodiwa, Maalim alichukua kalamu yake ya wino akakaa kuyatia nukta moja moja: nukta chini ya h iwapo ni ile ya kooni, nukta chini ya s iwapo ni ile nzito, mstari juu ya a iliyovutwa. Kwake yeye, kuandika jina la mtu mzima kwa herufi isiyo yake ilikuwa sawasawa na kumwita kwa kidole. "Huyu babaake alimsomea kwenye sikio siku aliyozaliwa," akisema. "Sisi ni nani tumpunguzie?"

Kompyuta ya mwanzo ilimtesa. Jina la faili lilikuwa herufi nane tu, mtu na babaake hawaenei. Maalim alikuwa akisimama nyuma yangu akitazama namna ninavyowakata watu mikono na miguu waingie, halafu anaondoka. Kwa hivyo mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, ilipoletwa mashine mpya na Othman akamuonesha kwamba sasa hata jina la faili linaweza kubeba nukta, Maalim alikaa kwenye kiti changu akaandika jina moja kwa kidole kimoja. Akalitazama muda mrefu. Machozi yalikuwa karibu, na mimi nilifurahi pamoja naye, na Othman alifurahi. Hakuna mtu aliyelazimishwa katika jambo hili.

Tulianza kuingiza kanda zote katika mashine ile. Kila mzee akawa faili, na kila faili lina jina lake na nukta zake zote.

Na hapa kuna desturi yetu moja ya kazi ambayo lazima niwaeleze, kwa sababu nyinyi hamkupata kuishi na kanda. Kanda zilikuwa adimu. Sauti ikishaingia kompyuta, kanda ile ile tulirekodia mtu mwengine juu yake. Hatukuona ubaya. Tukibandika karatasi mpya ya jina juu ya ya zamani, tukapanda gari, tukaenda zetu. Kila ofisi ya namna yetu ilifanya vivyo hivyo.

Mmoja katika watu wale alikuwa Mzee Tahir Haji, mchoma chokaa wa Makunduchi. Tulimfuata kwake mimi na Maalim, miaka michache kabla ya hiyo mashine mpya. Alikaa kwenye kibaraza, nikamfunga kidude cha kunasia sauti kwenye shati lake, na mkewe, Bi Mwanaidi, akakaa ndani nyuma ya mlango ulio wazi, akisuka ukili. Yeye alikuwa tayari haoni. Macho yalimtoka pole pole akiwa bado si mtu mzima sana, akanieleza baadaye, hata hakumbuki ni mwaka gani uso wa mumewe ulimalizikia kwake.

Mzee Tahir alieleza tanuu la chokaa linavyopangwa: magogo yanavyolazwa kwa duara, mawe ya matumbawe yanavyopandishwa juu yake, moto unavyotiwa kutoka katikati, na namna ya kujua kwa harufu kwamba jiwe limeiva. Sauti yake ilikuwa nzito na imekwaruzwa na moshi. Kila alipokosea, Bi Mwanaidi alimrekebisha kutoka ndani. "Baba Pandu, magogo mabichi hayo, si makavu." Pandu ni mwanawe wa kwanza. Wanawake wa rika lake hawamtaji mume kwa jina, ni heshima. Atakuwa baba fulani mpaka mmoja wao azikwe, na baada ya hapo atakuwa marehemu baba fulani. Maalim alipomuuliza, kwa ajili ya nukta zake, jina la mumewe linavyotamkwa kwao, yule bibi alicheka akasema, "Muulize mwenyewe, si yupo hapo?"

Mwisho, mzee alidhani tumeshamaliza. Akainuka kwenda kufukuza mbuzi, na waya wangu umo shatini mwake. Nikamwita, "Mzee Tahir!" Akageuka, akasema, "Naam." Maalim akabonyeza kitufe cha kuzimia, tukacheka sote, mbuzi akala muhogo wa watu.

Katika mashine mpya Maalim alimwandika Ṭāhir Ḥājī. Kulikuwa na mzee mwengine, wa Chwaka, msokota kamba za makumbi ya nazi, akiitwa Dhahir, naye ni mwana wa Haji. Maalim alimwandika Ẓāhir Ḥājī. Kwa macho yake hawa walikuwa watu wawili wasiofanana hata kidogo.

Umeme wetu mnaujua. Siku moja ulirudi kwa nguvu baada ya kukatika, mashine mpya ikaanza kutoa mlio kama wa mtu anayesaga meno. Othman alikuja mbio. Alijua diski inakufa na kwamba hatuna muda. Mashine pekee iliyokuwa na nafasi ya kupokea mafaili yale ilikuwa ile kongwe ya chini, iliyokuja baada ya ile ya herufi nane, kwa hivyo akayafunga katika kifurushi kimoja kwa programu ya zamani aliyoizoea, akakibeba, akakifungulia kule. Alifanya kazi ile huku jasho linamtiririka, mimi nimemshikia kiti kibovu kisimwangushe, na Maalim yuko juu anaomba dua. Wakati wa kufungua, mashine kongwe ikamuuliza: faili lenye jina hili lipo tayari, niandike juu yake? Akajibu ndiyo. Ikauliza tena. Alikuwa amekatizwa na diski mara mbili njiani na kuanza upya, akadhani ni mafaili yale yale anayapitia mara ya pili. Ikampa jibu la mkato: ndiyo kwa yote. Akalibonyeza.

Jioni diski ilikufa kabisa. Kifurushi akakifuta, kwa sababu mashine kongwe ilikuwa imejaa hadi ukingoni. Maalim aliita kutoka juu, "Othman!" naye akaitika, "Naam," kwa sauti ya mtu aliyeshinda, akapanda kumpa habari kwamba sauti zote zimeokolewa. Tulinunua haluwa siku ile.

Majina yalikuwa yameharibika, hilo tuliliona. Pale penye herufi za Maalim palikuwa na vistari vya chini. Hatukushtuka. Kanzu zimechanika, watu wazima; tutayashona majina tukipata nafasi. Hatukuipata, kazi zilikuwa nyingi.

Halafu Mzee Tahir akafariki. Habari zilitufikia baada ya maziko, na mimi, kwa kuwa ni mwanamke, nilitumwa kwenda kumpa mkono wa pole mjane, kwani alikuwa keshaingia eda na wanaume wa kando hawafiki kwake. Nilimkuta amekaa juu ya busati ndani, kajitanda nguo nyeupe, mikono mapajani. Anasema Kimakunduchi, mimi naandika kwa maneno yetu ya mjini.

"Shikamoo, Bi Mwanaidi. Poleni sana."

"Marahaba, mwanangu. Tushapoa. Wewe ndiye yule wa waya?"

"Ndiye mimi."

Akapapasa busati kando yake, nikakaa. Halafu akanambia, "Watu wananletea picha yake. Picha nitaifanya nini? Mimi nlikuwa na sauti. Nikiamka nasikia anakohoa, najua kumekucha. Sasa kuche kusikuche ni mamoja. Ile sauti mlochukua ipo?"

"Ipo," nikasema.

"Ipo kweli?"

"Ipo, bibi. Nzima."

"Basi nikitoka eda Pandu atanileta. Nitasikia hiyo habari ya chokaa tangu mwanzo mpaka mwisho, na magogo yake makavu." Akacheka kidogo, na nilipoondoka alikuwa amekaa vizuri zaidi kuliko nilivyomkuta.

Kesho yake niliingia mashine kongwe. Nikatafuta, nikaona __hir __j_. Nikafungua. Mzee mmoja akaanza kunieleza namna ya kuyafukia makumbi matopeni yaoze. Nikadhani nimekosea. Nikafunga, nikatafuta jengine la kufanana nalo. Halikuwepo.

Nilikaa pale nikitazama vile vistari viwili vya mwanzo. Ile Ṭ ya Maalim na ile Ẓ yake, pamoja na zile a zilizovutwa, zote zilikuwa zimegeuzwa kitu kimoja. Tahir na Dhahir walifika mlangoni wakiwa na jina moja, akaingia wa kwanza, akaja wa pili, mashine ikauliza, nayo ikajibiwa. Niliwaza nani mwengine. Nikagundua kwamba siwezi kujua. Jina lililofunikwa haliachi pengo, wanangu. Orodha inakuwa fupi tu, na hakuna aliyeujua urefu wake.

Nilimwita Othman, nikamwachia kiti. Alisikiliza makumbi mpaka yule mzee alipojitaja kwa jina. Akatoa miwani.

"Iliniuliza," akasema. "Mara mbili iliniuliza, Rukia. Mie nkajua ni yale yale."

"Kifurushi?"

"Nshakifuta. Wewe ulikuwepo, ulinshikia kiti."

Tulipanda juu kumwambia Maalim. Othman alisema yeye, kwa ufupi, amesimama. Maalim alikuwa na kalamu mkononi. Aliilaza juu ya meza, akaipanga sawasawa na ukingo wa karatasi.

"Nukta zile nilizitaka mimi," akasema. "Wewe ulikuwa unazima moto."

"Mie ndo nlobonyeza, Maalim."

"Nilitaka wasidharauliwe," Maalim akasema. Sijapata kuona wanaume wawili wakigombania kosa namna ile, kila mmoja akilivuta kwake, na hakuna aliyepata nafuu. Kwa hasira niliyokuwa nayo nilitamani mmoja wao angalau ajitetee.

Diski iliyokufa Othman aliipeleka Dar es Salaam kwa mafundi. Ikarudi na jibu la maiti. Ikabaki kanda, na kanda tulizirekodia juu yake kwa mikono yetu.

Lakini kanda ina jambo moja ambalo kompyuta haina. Faili jipya likikaa juu ya la zamani kwa jina moja, la zamani limekwisha. Kanda hufutika kwa kadiri ya urefu wa kilichorekodiwa tu. Aliyekuja baadaye akisema maneno machache zaidi, mkia wa mwenzake hubaki nyuma yake. Othman ndiye aliyelikumbuka hilo, na ndilo jambo la mwisho alilonifundisha. Nikatoa masanduku yote ya kanda. Kila moja nikaipeleka mbele mpaka sauti inyamaze, nikaiacha ikimbie, nikasikiliza mvumo mtupu. Eda ya Bi Mwanaidi ilikuwa inakwenda na mimi nasikiliza mvumo. Nilipata mikia mingi: mtu anapiga chafya, adhana ya mbali, mwanamke anasema basi sasa tunywe chai. Sauti nyengine sijui mpaka leo ni za nani. Niliziweka, zipo, hazina wenyewe.

Mkia wa Mzee Tahir ulikuwa nyuma ya nyimbo za unyago. Nyimbo zilikwisha, kikaja kimya, kikaja kishindo cha kitufe, kisha upepo wa Makunduchi na mbuzi. Halafu sauti yangu mwenyewe ya ujana: "Mzee Tahir!" Halafu yeye: "Naam." Halafu kitufe tena.

Hicho ndicho kilichobaki. Tanuu zima, magogo, matumbawe, harufu ya jiwe lililoiva, vyote vimekwenda, na katika mtu mzima kumebaki neno moja la kuitikia.

Niliiingiza sauti ile katika kompyuta mpya nyengine tuliyoazimwa. Nilipofika pa kuandika jina, Maalim alikuwa amesimama nyuma yangu kama kawaida yake. Nikasubiri. Akasema, "Andika tahir. Bila ya kitu." Nikaandika t, a, h, i, r, herufi tupu ambazo kila mashine duniani inazijua. Tangu siku hiyo tulikaa naye tukayavua nukta majina yote yaliyobaki, na hizo nukta tukaziandika ndani ya faili jengine la maelezo, ambako hakuna mashine itakayozigombania. Fanyeni hivyo na nyinyi. Jina la faili liwe jepesi la kupita kila mlango. Heshima ya mtu iandikeni ndani. Na mashine ikikuulizeni kama iandike juu ya kilichopo, jibuni hapana, hata kama mna hakika, hata kama nyumba inaungua. Hapana inarekebishika.

Othman alimaliza mwezi ule akaaga. Alirudi Bububu, akafungua kibanda cha kutengeneza redio na pasi. Nilikuwa nikimpitia. Alikuwa mwema kama zamani, ila hakutaka kusikia habari ya kompyuta, na ukimsimulia Mjerumani wa Kendwa alitabasamu tu kwa ajili yako. Ameshatangulia mbele ya haki, na Maalim pia, na ndiyo maana naweza kuandika.

Bi Mwanaidi alitoka eda akaja. Alizipanda zile ngazi mkono umo begani mwa Pandu, kavaa kanga mpya, kajitia udi. Maalim alimpokea mlangoni, akataka kumweleza mwenyewe, akashindwa, akanitazama mimi. Nilimkalisha kwenye kiti changu, nikamwambia yote. Sikumwambia nani alibonyeza nini. Nilimwambia nilimuahidi kitu na kwamba hakipo, na kilichopo ni neno moja.

Hakulia. Aliuliza, "Chokaa hakuna?"

"Hakuna, bibi."

"Hilo neno moja, niweke."

Nikaweka. Mzee Tahir! Naam. Akaashiria kwa kidole, nikarudia. Akaashiria tena. Niliacha kutazama uso wake kwa sababu nilihisi nimeingia chumba cha watu. Mwisho akauliza, "Hiyo sauti yako waweza kuitoa?"

"Naweza."

"Itoe."

Niliikata. Ilikuwa kazi ndogo sana, nilikata pale pale mwito wangu unapokwisha, nikabakisha pumzi yake na neno lake. Nikamwambia tayari.

"Pandu, teremka chini," akasema. Mwanawe akateremka. Maalim alikuwa keshatoka zamani. Tukabaki mimi na yeye, na feni inazunguka. Bi Mwanaidi akajifunika uso kwa kanga kama bi harusi. Kisha, kwa sauti ndogo iliyokuwa haijazoea, akataja jina ambalo hakulitaja maisha yake yote.

"Tahir."

Nikabonyeza.

"Naam."

Nilingojea aniashirie nirudie. Hakuniashiria. Alishusha kanga, akapapasa chini kwa miguu akitafuta viatu vyake, nikainama kumvisha, na nikiwa bado nimeinama akaniwekea mkono kichwani.

"Kumbe ningemwita zamani," akanambia.